Maji ya Nyahururu yana safari ndefu

Je, msomaji, umewahi kusikia mngurumo wa maji kabla hujayaona? Kama bado, tenga nauli siku moja ya likizo, wakusanye watoto na mwelekee Nyahururu. Kutoka Nairobi ni takriban kilomita 190 kupitia Naivasha, Gilgil na Ol Kalou, na matatu za huko utazipata Nyamakima. Bebeni sweta. Mji huo uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na wale waliozoea joto la mjini hutetemeka hata saa sita mchana.

Mkishapita Ol Kalou, waonyeshe watoto bonde lililo upande wa kulia. Huko ndiko liliko Ziwa Ol Bolossat, makao ya viboko na ndege wengi, na chanzo cha Mto Ewaso Narok mnaokwenda kuutazama. Narok kwa Kimaasai ni nyeusi.

Maporomoko yenyewe yako karibu sana na barabara, kiasi kwamba mgeni hushangaa. Unashuka garini, unavipita vibanda vya vinyago, unalipa kiingilio, na mara ardhi inakatika mbele yako. Maji huanguka mita 74, sawa na jengo la zaidi ya ghorofa 20, na povu lake hupanda likakulowesha uso. Vijana watakuletea vinyonga ili mpigwe picha nao. Patana bei kabla kinyonga hajapanda begani, maana akishapanda bei nayo hupanda!

Mwaka 1883 Joseph Thomson, kijana kutoka Scotland, alipita hapa akitoka Mombasa kwa miguu, akayapa maporomoko jina la babake. Mji nao uliitwa Thomson's Falls kwa miaka mingi. Wenyeji, bila shaka, walikuwa wakinywesha mifugo yao hapo kabla yake.

Kuna njia ya ngazi za mawe inayoteremka hadi chini. Ni mwinuko mkali na mawe huteleza, kwa hivyo viatu vya visigino viacheni nyumbani, na mtoto mdogo ashikwe mkono wakati wote. Kuteremka ni rahisi. Kupanda ndiko kutakukumbusha umri wako. Lakini ukiwa kule chini ndipo utakapoyaona maji yakijikusanya, yakitulia kidogo, kisha yakishika njia ya kaskazini.

Hapo ndipo nakuomba usiharakishe kurudi juu. Maji hayo yanapitia Rumuruti, yanaungana na Ewaso Ng'iro na kuteremka hadi Archer's Post, katikati ya nchi kame ya Samburu na Isiolo, kisha yanaelekea kinamasi cha Lorian. Njiani kuna mashamba ya nyanya na mboga, na pampu nyingi kando ya mto. Mkulima wa Laikipia anahitaji maji ili alipe karo. Mfugaji wa kule chini anayahitaji ili ng'ombe wake waone kesho. Simlaumu yeyote kati yao, ila mto ni mmoja. Wakati wa ukame wa mwaka 2009 Ewaso Ng'iro ulikauka kule Samburu, ukabaki mchanga mtupu. Miezi michache baadaye, Machi 2010, mto huo huo ulifurika na kuzoa kambi za watalii zilizokuwa kando yake.

Hata ziwa lenyewe limewahi kukauka, na kwa miaka mingi mashamba yamekuwa yakilisogelea. Lilitangazwa kuwa eneo la kuhifadhiwa mwaka 2018.

Kwa hiyo ukienda Februari, usishangae ukikuta maji membamba yakiteremka mwambani, watu wakinung'unika kwamba wamedanganywa. Mngurumo wa kweli hupatikana baada ya mvua za masika kushika. Wanafunzi wabebe ramani ya Kenya, waufuate mto kwa kidole kutoka Ol Bolossat hadi Lorian mkiwa mmeketi kwenye nyasi mkila chapati zenu.

Anzeni safari ya kurudi kabla ya saa kumi. Ukungu ukishuka barabara hiyo haionekani vizuri, na matatu ya mwisho haimngoji mtu.