Fukusi Aliyemo Ndani ya Punje

Kila mwaka, mahindi ya masika yanapokwisha kuvunwa katika miteremko ya Meru na maonyesho ya Nane Nane yanapofunguliwa katika viwanja vya Themi, hunijia watu wa kila daraja, wakulima wa Ngarenanyuki, kina mama wa Tengeru wauzao nafaka kwa debe, na wazee waliostaafu utumishi wakashika jembe upande wa Kisongo, nao wote, kwa adabu na baada ya maamkizi marefu, huniuliza swali moja lile lile: "Mtaalamu, gunia moja la mahindi litiwe matone mangapi ya mafuta ya mkaratusi?" Mwingine badala ya mkaratusi hutaja mchaichai, mwingine karafuu, mwingine kivumbasi, jina la mmea hubadilika, walakini swali halibadiliki. Nimelijibu kwa upole muda mrefu, na sasa nalijibu kwa maandishi, tena bila kuzungusha maneno: hakuna idadi ya matone itakayolinda gunia lako, si kwa sababu idadi hiyo haijagunduliwa, bali kwa sababu swali lenyewe limesimama juu ya msingi ambao haupo.

Sitaki kuidhulumu mimea haki yake. Karafuu ya Pemba ina yujenoli, majani ya mkaratusi yana sineoli, na kile kivumbasi ambacho wataalamu wa mimea walikipa jina la Kilimanjaro, jirani yetu, kimejaa kafuri. Vitu hivi vyote, vikikenekwa na kutolewa mafuta, vina nguvu ya kweli juu ya wadudu, na wataalamu wa Afrika Mashariki, hususan Kenya, wameithibitisha nguvu hiyo kwa majaribio ambayo sina sababu ya kuyatilia shaka. Lakini yeyote atakaye kutumia matokeo ya jaribio ni wajibu wake ajue jaribio lilifanywaje. Aghalabu wadudu wachache hutiwa katika chupa ya kioo, pengine pasipo punje hata moja, mafuta hudondoshwa juu ya kipande cha karatasi, chupa ikafungwa barabara, na baada ya siku moja au mbili waliokufa huhesabiwa. Katika chupa ya namna hiyo mdudu hana pa kukimbilia, mvuke hauna pa kutokea, na hakuna nafaka ya kuunyonya. Wala hakuna hata moja kati ya masharti hayo matatu linalopatikana katika stoo ya mkulima wa Oldonyo Sambu.

Na tuanze na hilo la mdudu kukosa pa kukimbilia, kwa kuwa ndilo linalosahauliwa kuliko yote. Fukusi wa mahindi hatagi mayai yake juu ya punje yakaonekana. Jike hutoboa tundu dogo kwa mdomo wake mrefu, akaweka yai ndani, kisha akaliziba lile tundu kwa ute unaokauka ukawa kifuniko, hata jicho la mtu lisitambue kwamba punje ile imekwisha kuingiliwa. Yai huanguliwa humo humo, funza hula kiini humo humo, hugeuka buu humo humo, na baada ya muda wa wiki tano hivi penye joto, au zaidi ya hapo katika baridi ya miinuko yetu, hutoka mdudu kamili akiacha tundu ambalo sasa ndilo mkulima huliona na kusema kwamba wadudu wameingia. Hawakuingia leo, wengine waliingia mahindi yakingali shambani, yakikauka juu ya bua. Madhali hali ni hiyo, mtu anyunyizaye mafuta ya mchaichai juu ya gunia anamfukuza mdudu aliye nje, ambaye ni mchache, na anamwacha aliye ndani, ambaye ndiye mwenye jamaa. Harufu kali humkera fukusi na kumfanya ajitenge, hilo ni kweli. Lakini mdudu aliyezaliwa katikati ya gunia, kwa kujitenga kwake, huhamia punje nyingine ya gunia lile lile.

Lile la pili ni la mvuke. Mafuta haya hunukia kwa sababu yanaruka hewani, na kuruka huko ndiko kunakoyapa nguvu ya kumfikia mdudu katika pumzi yake. Basi kinachoyapa nguvu ndicho hicho hicho kinachoyamaliza. Fungua kichupa cha mafuta ya mkaratusi asubuhi, ukiache wazi dirishani, kisha urudi baada ya siku chache utazame kilichosalia. Mfuko wa sandarusi uliofumwa, ambao karibu kila nyumba ya Arusha huhifadhia mahindi, hupitisha hewa kila upande, na mvuke hutoka kupitia mianya ile ile ambamo vumbi la unga huchungulia. Mkulima avunaye mwezi wa Agosti anahitaji kinga hadi mavuno mengine, yaani takriban mwaka mzima. Mafuta yatoayo ulinzi wa siku chache hayawezi kuitwa kinga ya ghala, hata yangekuwa na ukali wa namna gani katika siku hizo.

Kuna na nafaka yenyewe inyonyayo. Punje za mahindi hufyonza sehemu kubwa ya mvuke huo kabla haujamfikia mdudu, hivyo kipimo kilichotosha katika chupa tupu hakitoshi tena pakiwa na mahindi, na lazima kiongezwe mara nyingi. Natufanye hesabu nyepesi, kwa kipimo cha huruma kabisa cha mililita moja kwa kila kilo: gunia la kilo 100 litataka mililita 100. Tukikubali kwamba kila kilo 100 za majani mabichi hutoa kilo moja ya mafuta, na majani mengi hayafiki hapo, basi gunia moja litataka kilo 10 za majani yakenekwe kwa moto na maji, na nyumba yenye magunia kumi itataka kilo 100, kwa mkupuo mmoja tu ambao mvuke wake utakwisha kabla ya mwezi kuandama mara ya pili. Kuni za kazi hiyo zitatoka wapi katika mlima ambao misitu yake tunahimizwa kila siku tuihifadhi? Na mahindi yaliyokwisha kunyonya kafuri na yujenoli kiasi hicho, ugali wake utaliwa na nani? Mnunuzi wa soko la Kilombero hunusa kwanza, kisha ndipo huuliza bei.

Lakini haya yote ni hasara ya fedha na kazi, na mtu ana hiari ya kupoteza vyake. Linalonikasirisha, na sioni haya kulisema, ni lile shauri linalozagaa kwamba asiyeweza kununua mafuta achemshe majani ya kivumbasi au ya mwarobaini, apoze maji yake, kisha anyunyize juu ya mahindi na kuyafunga katika gunia. Huku si kuhifadhi nafaka. Huku ni kuilowesha. Mahindi yaliyokauka vema yana maji yasiyozidi sehemu 13 na nusu kwa mia, na kazi yote ya mkulima ya kuanika na kugeuza na kuanua ni kuyafikisha hapo. Anayeyamwagia maji, hata yakiwa maji ya jani zuri namna gani, huwaita kuvu kwa mkono wake; na miongoni mwa kuvu hao wamo watoao sumukuvu, sumu isiyo na harufu, ambayo haiondoki kwa kuchemshwa wala kwa kusongwa ugali. Mwaka 2016 watu wa mikoa ya Dodoma na Manyara waliugua kwa sumu hiyo, na baadhi yao wakafa kwa ini kuharibika. Manyara ni jirani yetu wa kupakana, na mahindi ya Babati huliwa Arusha. Atoaye shauri la kunyunyiza maji ya majani juu ya chakula cha watoto, naye hajawahi kupima unyevu wa punje hata moja, afadhali anyamaze.

Huambiwa hapo kwamba mimi ni mtu wa kemikali na kwamba kitu cha asili hakina madhara. Utupa ni wa asili, na samaki wa mto mzima huelea juu wakiwa wamekufa ukitwangwa ukatiwa majini. Tumbaku ni ya asili, na maji yake ni sumu kwa mdudu na kwa mtu pia. Sumukuvu niliyoitaja ni ya asili tangu mwanzo hadi mwisho. Fauka ya hayo, wasemao hivyo hawajui kwamba dawa ya vumbi ya kuhifadhia nafaka wanayoiogopa ina nasaba na ua. Pareto, lililolimwa kwa miaka mingi katika nyanda za juu za kaskazini, ndilo lililowafunza wanakemia umbo la sumu imuuayo mdudu upesi na kumdhuru mtu kidogo. Lakini sumu ya ua hilo huharibiwa na mwanga, na mwaka 1973 Michael Elliott na wenzake wa Rothamsted, Uingereza, wakatengeneza kwa mfano wake permethrini, ambayo hudumu.

Permethrini hiyo ndiyo iliyotuokoa alipokuja dumuzi. Mdudu huyo, mwenyeji wa Amerika ya Kati, alitambuliwa mkoani Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kwa jinsi alivyosaga mahindi yakawa unga, watu wakampa jina la lori la Scania. Dawa imuuayo fukusi ilikuwa dhaifu kwake, na permethrini imuuayo yeye ni dhaifu kwa fukusi, ndiyo sababu zikachanganywa pamoja katika vumbi moja, na wakulima wakahimizwa kupukuchua mahindi badala ya kuyaweka na magunzi, kwani dumuzi hustawi zaidi katika gunzi.

Basi yafanywayo ni haya. Anika mahindi juu ya turubai, usianike juu ya udongo. Tia konzi moja ya punje na chumvi kavu kidogo katika chupa kavu, tikisa, ngoja kama robo saa: chumvi ikigandamana na kioo, rudisha mahindi juani. Pukuchua, pepeta, toa punje zilizotobolewa, wala usichanganye mahindi mapya na ya mwaka jana. Ukiweza, nunua mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, ile ya PICS inayotengenezwa Tanga au iliyo mfano wake. Kamua hewa, sokota kila tabaka na kulifunga peke yake, na usifungue kwa mwezi mzima, kwa maana wadudu waliomo, hata wale wa ndani ya punje, humaliza hewa yao wenyewe wakafa, pasipo dawa yoyote. Kwa gunia la kawaida tumia vumbi lililosajiliwa, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, ukilichanganya na punje zote kwa koleo juu ya turubai, wala si kulinyunyiza juu juu. Tazama tarehe ya mwisho na namba ya usajili wa mamlaka ya viuatilifu, ambayo makao yake ni hapa hapa Ngaramtoni, na ukatae dawa iliyofungwa upya katika karatasi. Vidonge vya kufukiza visiingie katika nyumba wanamolala watu, kwa sababu hewa yake huua usiku mmoja.

Kwa maharage, mafuta yana kazi, nami nafurahi kulisema, ila si mafuta ya kunukia. Fukusi wa maharage hutaga mayai nje, juu ya punje au kati ya punje na punje. Hivyo mafuta ya kawaida ya kupikia, mililita 5 kwa kilo, yaani kijiko kimoja cha chai, yakipakwa sawasawa juu ya maharage makavu hubaki pale pale pasipo kuruka, yakalifunika yai na kulinyima pumzi. Na asiye na senti ya mafuta atie maharage yake katika dumu hadi nusu, alifunge, alibingirishe asubuhi, jioni na kabla ya kulala: funza mchanga wa yule fukusi atagaye mayai yaliyo huru kati ya punje huhitaji karibu siku nzima ya kutulia mahali pamoja ili aweze kuitoboa punje, na akisumbuliwa kila baada ya saa chache hufa kabla hajaingia.