Fumo Liyongo: Nguvu, Hasira na Hamu ya Maisha ya Kawaida



Mwanafunzi wa Kinyinya, katika wilaya ya Gasabo hapa Kigali, anapokutana na Fumo Liyongo kwa mara ya kwanza, ni rahisi kutafsiri neno shujaa kwa Kinyarwanda kuwa intwari na kuendelea na somo. Tafsiri hiyo si kosa. Hata hivyo, intwari husifiwa na watu wake, ilhali Liyongo aliogopwa na watu wake mwenyewe. Katika makala haya tunaeleza tofauti hiyo, kwani ndiyo inayobeba uzito wa kisa.

Masimulizi ya Liyongo ni ya zamani katika pwani ya kaskazini ya Kenya. Utenzi unaosomwa sana kumhusu uliandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Humo tunaelezwa kwamba Wagala waliokuwa Pate walitaka kumwona mtu huyo anayesifiwa. Liyongo akaja na mkoba begani. Alipoufungua, alitoa kinu na mchi, jiwe la kusagia na mafiga. Wageni wakashikwa na hofu. Tuzingatie lakini vitu vyenyewe: hakuna hata kimoja kilicho silaha. Vyote ni vyombo vya jikoni. Watu waliona uzito wa mzigo. Hawakuona kwamba mtu huyu alibeba nyumba.

Mfalme wa Pate aliogopa kunyang'anywa kiti, akapanga kumwua. Liyongo alipotiwa gerezani na kuulizwa haja yake ya mwisho, aliomba ngoma ya gungu na mwao. Ombi hilo lilikuwa hila pia. Mama yake alikuwa amemletea mkate wa wishwa wenye tupa ndani. Walinzi, waliozoea kula vyakula vyake vizuri, waliudharau wakamwachia. Ngoma iliposhika kasi, akakata minyororo, akatoka na kuwaua walinzi. Kwa hiyo hatusemi kwamba Liyongo alikuwa mpole. Tunasema kwamba yeye ni mtu wa ngoma, mashairi na chakula cha mama, ambaye nguvu zake hazikumwachia nafasi ya kuishi hivyo.

Mwisho wake unathibitisha jambo hilo. Mwanawe, aliyeahidiwa cheo na mke, alimchoma kitovuni kwa sindano ya shaba akiwa usingizini. Liyongo aliamka, akachukua upinde, akaenda kupiga goti karibu na kisima, mshale ukiwa tayari. Watu waliokwenda kuteka maji walikimbia. Mji ukakosa maji. Wakamwomba mama yake amtulize, wakidhani ana ghadhabu. Mama akambembeleza siku baada ya siku bila kujibiwa, mpaka mwili ulipoanguka. Kumbe walikuwa wakiogopa hasira ya maiti.

Hapa lugha yetu inatusaidia. Kuhamaki ni kukasirika ghafla; ghadhabu ni hasira kali; mwenye hasira za karibu ni yule anayekasirika kwa jambo dogo. Maneno haya yote hueleza moyo wa mtu mwenyewe. Lakini methali isemayo "Mwenye nguvu mpishe" haielezi moyo wake hata kidogo. Inaeleza tu wanavyofanya wengine. Mtu anayepishwa na kila mmoja hana jirani.

Tunapendekeza zoezi moja. Mwalimu achore safu mbili ubaoni: ya kwanza iwe ya mambo anayoyatenda Liyongo, ya pili iwe ya mambo ambayo wengine wanadhani atayatenda. Wanafunzi wajaze kwa sentensi kamili, wakitofautisha "alikasirika" na "alidhaniwa amekasirika". Hivyo watajifunza kauli ya kutendwa na uchambuzi wa mhusika kwa pamoja. Kisha wajadili kwa Kiswahili: katika mtaa wao, ni nani anayepishwa njiani, na je, kuna aliyewahi kumwuliza anachotaka?

Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017, na fasihi ya pwani sasa ni mali ya wanafunzi wetu pia. Tuwafundishe kuhesabu nguvu za Liyongo, lakini tusiwaache bila kuuliza ule mkoba ulikuwa na nini.