Mtoto Mchezaji: Shule ya Umma au ya Kibinafsi?

Kila matokeo yakitoka, wazazi wa hapa Kisumu na wa vijiji vya ziwani, kutoka Dunga na Ahero mpaka Kendu Bay na Mbita, huleta swali lile lile. Mtoto anacheza vizuri, iwe ni mpira, voliboli au hoki. Ameitwa na shule mbili. Moja ni ya umma. Nyingine ni ya kibinafsi, na imesema itapunguza karo kwa sababu inamtaka kwenye timu. Jirani anasema, "Mpeleke ya kibinafsi, huko kuna uwanja mzuri." Mjomba naye anasema, "Wachezaji wote wakubwa walitoka shule za serikali." Mama amebaki katikati, na siku za kuripoti zinakaribia.

Tuliangalie jambo hili polepole. Pesa inayozungumzwa ni ya omena na ya mpunga, na miaka mitatu ya Sekondari Pevu mtoto haipati mara ya pili.

Kwanza tuondoe kosa moja ambalo tumelisikia mara nyingi. Shule kuwa na jina la mtakatifu au kuwa na kanisa ndani ya ua haiifanyi kuwa ya kibinafsi. Maseno ilianzishwa na wamisionari wa Kianglikana mwaka 1906, na leo ni shule ya umma. Kanisa hapo ni mdhamini. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inampa mdhamini sauti kwenye bodi na jukumu la malezi ya kiroho, lakini karo inafuata mwongozo wa serikali na walimu wengi wameajiriwa na TSC. Shule ya kibinafsi ni ile inayojiendesha kwa karo ya wazazi, awe mwenyewe ni mtu, kampuni au kanisa lenyewe. Basi uliza swali wazi: hii ni ya umma yenye mdhamini, au ni ya kibinafsi? Usione haya kuuliza.

Tofauti ya pesa ni kubwa. Kwa mwongozo wa serikali wa miaka ya karibuni, bweni la shule ya kitaifa limewekewa kikomo cha shilingi 53,554 kwa mwaka, na shule nyingine nyingi za bweni 40,535. Shule ya kutwa haitakiwi kutoza karo ya masomo, ingawa chakula cha mchana kinalipwa, na kila mzazi anajua ile "pesa ndogo ndogo" inayoongezwa juu. Shule ya kibinafsi inajipangia yenyewe. Kwa hiyo ikikuambia imekupunguzia nusu, chukua kalamu upige hesabu: nusu ya ngapi? Mara nyingine nusu ya kibinafsi ni zaidi ya karo nzima ya bweni la umma.

MECHI ZIKO WAPI?

Mchezaji hukua kwa mechi. Uwanja wenye nyasi nzuri hausaidii sana kama timu inacheza mara tatu kwa mwaka halafu inarudi darasani. Michezo ya sekondari hapa kwetu inaanzia zoni, inakwenda kaunti ndogo, kaunti, halafu mkoa, ambako Kisumu inakutana na Siaya, Homa Bay, Migori, Kisii na Nyamira. Washindi wanaenda taifa, na huko wanachaguliwa wa kwenda michezo ya Afrika Mashariki, ile ya FEASSSA, iliyofanyika Rwanda mwaka 2023, Uganda mwaka 2024 na hapa jirani Kakamega mwaka 2025. Shule inayotolewa kwenye zoni kila mwaka inampa mtoto mechi chache tu. Shule inayofika mkoa inampa wapinzani wa kweli, na ndipo watu wa klabu na wa vyuo hukaa kutazama.

Sasa angalia ni shule gani zinazofika huko. Kwenye soka, Kisumu Day na Agoro Sare ya Oyugis ni majina ya siku nyingi, na ukivuka upande wa Magharibi kuna Kakamega High na Musingu. Agoro Sare inajulikana pia kwa mpira wa vikapu. Hoki ya wasichana, taja Sinyolo na Nyamira Girls ya Siaya. Raga, taja Maseno. Zote hizo ni shule za umma. Michael Olunga, aliyekuwa mfungaji bora na mchezaji bora wa ligi ya Japan mwaka 2020 kwa mabao 28, alisoma Upper Hill ya Nairobi, nayo ni ya umma, kisha akasomea uhandisi chuo kikuu huku akifungia Gor Mahia. Kwa michezo ya timu nchini Kenya, nguvu imekuwa kwa shule za umma kwa miaka mingi, na mzazi anayelipa zaidi kwa kibinafsi ili mtoto apate ushindani mkali zaidi wa soka, mara nyingi analipia kitu ambacho hakipo pale.

Hii si sheria ya dunia nzima. Ukivuka mpaka uingie Uganda mambo yamegeuka. St. Mary's Kitende, shule ya kibinafsi ya Lawrence Mulindwa aliyewahi kuongoza shirikisho la soka la Uganda, imekuwa tishio kwa timu zetu kwenye michezo ya Afrika Mashariki, na mwenye shule ndiye mwenye klabu ya Vipers. Mtoto anatoka darasani anaona ngazi mpaka ligi kuu. Kwa hiyo neno "kibinafsi" peke yake halina ubaya. Swali ni kama nyuma ya shule hiyo kuna kitu kama hicho, au kuna basi jipya lenye picha ya mpira tu.

Na kuna michezo ambayo kibinafsi inashinda wazi. Kuogelea, tenisi, kriketi. Ni ajabu kidogo: ziwa liko mlangoni mwetu, lakini bwawa la kujifunzia kuogelea kwa mashindano utalipata zaidi kwenye shule za kulipia. Mtoto mwenye kipaji cha kuogelea akienda shule isiyo na bwawa, kipaji kitakaa. Lakini ujue pia kwamba shule nyingi zenye mtaala wa kigeni hushindana zaidi zenyewe kwa zenyewe, kwa hiyo njia ya zoni mpaka taifa niliyoieleza huenda isimhusu.

MWALIMU KULIKO MAJENGO

Mwaka 1976 Brother Colm O'Connell kutoka Ireland alifika shule ya St. Patrick's, Iten, kufundisha jiografia. Hakuwa kocha wa riadha. Alijifunza kazi hiyo pale pale, akakaa, na kutoka shule hiyo ya umma wakatoka Peter Rono, bingwa wa Olimpiki wa mita 1500 mwaka 1988, Matthew Birir, bingwa wa kuruka viunzi na maji mwaka 1992, na Wilson Kipketer aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 800. Neno la kushika katika habari hii ni "akakaa". Mwalimu aliyekaa mahali pamoja anajua nani ana goti bovu na nani hajala.

Hapa kila upande una udhaifu wake. Mwalimu wa TSC anaweza kuhamishwa ghafla, na timu ikafa mwaka huo huo, tumeona. Kocha wa shule ya kibinafsi anaweza kuachishwa kazi mshahara ukikosekana, au kuchukuliwa na shule nyingine inayolipa zaidi. Kwa hiyo uliza kocha ana miaka mingapi pale, na kama yupo wa pili anayeijua kazi. Shule inayomtegemea mtu mmoja ni ya wasiwasi, hata kama kabati lake limejaa vikombe.

AKIUMIA JE?

Hapa ndipo penye moto, na ndipo wazazi huuliza kidogo kabisa. Nafasi iliyotolewa kwa sababu ya mchezo ni ya nani: ni ya mtoto au ni ya mguu wake?

Tuseme mtoto ameitwa na shule ya kibinafsi kwa "karo bure". Muhula wa kwanza, sawa. Muhula wa nne anaumia goti, anakaa nje miezi minane. Mwenye shule anabadilisha mawazo, au anaajiri kocha mpya aliye na vijana wake. Mzazi anaitwa ofisini na kuonyeshwa deni ambalo hakulijua. Akimtoa mtoto, shule ya umma ya karibu imejaa, au haina masomo ya mkondo wake. Akimwacha, deni linakua, na cheti kinakuja kuzuiwa. Sheria ya baraza la mitihani inakataza shule kuzuia cheti, lakini wazazi wanajua yanayotendeka.

Usifikiri shule za umma hazifanyi hivyo. Nazo zina makocha wanaozunguka vijijini kuwinda wachezaji, na mwalimu mkuu anayesema, "Mama, mlete tu, mengine tutaelewana." Hayo "mengine" ndiyo yanayoleta machozi. Mwalimu mkuu anahamishwa, anayekuja hana habari ya maelewano yoyote, na kitabu cha karo kinasema unadaiwa.

Basi dai barua. Iwe na muhuri wa shule na saini ya mwalimu mkuu au ya mwenye shule, si ya kocha. Iseme ni pesa gani zimeondolewa: masomo tu, au pia chakula, bweni, sare, vitabu na safari za timu. Iseme ni kwa miaka mingapi, na iwe mpaka mtihani wa mwisho. Halafu kuna sentensi moja ambayo ni lazima iwemo: mtoto akiumia, au akiachwa nje ya timu, nafasi yake inabaki vipi? Shule ikikataa kuiandika sentensi hiyo, imeshakujibu. Kwa maoni yetu, nafasi ya kulipa kidogo katika shule ya kutwa ya umma, ambayo haihesabu mabao, ni salama kuliko karo ya bure ya mdomo.

Na matibabu? Bima ya EduAfya ya wanafunzi wa sekondari za umma, iliyoanza mwaka 2018 chini ya NHIF, haipo tena, na NHIF yenyewe nafasi yake ilichukuliwa na SHA Oktoba 2024. Hakikisha mtoto ameandikishwa chini ya jina lako SHA, kisha ulize shule kama ina bima ya ajali za michezo. Baadhi ya shule za kibinafsi zinayo, na hiyo ni sifa ya kuhesabiwa. Kuteguka na kuvunjika vinataka daktari, picha na mazoezi ya kurudisha nguvu. Kuchuliwa na mzee wa kijiji halafu kurudishwa uwanjani Jumamosi kumeharibu magoti mengi.

MASOMO NA MKONDO

Wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya waliingia Gredi ya 10 Januari 2026, na kuna mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo. Wazazi wengine wamefurahi sana, wakidhani sasa mtoto atacheza tu. Hapana. Hisabati, Kiingereza na Kiswahili viko pale pale, na michezo yenyewe imekuwa somo lenye vitabu. Vilevile si kila shule inafundisha mkondo huo. Shule inaweza kuwa na timu kali bila kufundisha somo la michezo, na nyingine ikafundisha somo bila timu. Mtoto wa mkondo wa sayansi naye haruhusiwi tu bali anakaribishwa kuchezea timu, kwa hiyo usimsukume aache fizikia kwa sababu ya mpira.

Michezo ya shule ni ya walio chini ya miaka 19. Kocha akikuambia mtoto arudie darasa ili apate mwaka mmoja zaidi wa kucheza, au mpunguze umri kwenye cheti cha kuzaliwa, ondoka hapo, iwe ni shule ya nani. Udanganyifu ukigunduliwa timu inatolewa, na anayebaki na jina baya ni mtoto.

Kwa wasichana kuna maswali ya ziada. Timu ikisafiri, ni mwalimu gani mwanamke anayekwenda nayo? Wanalala wapi, na nani anashika funguo? Uliza mbele ya binti, asikie kwamba ni maswali ya kawaida. Mwalimu mzuri hatakasirika.

Kuna pia jambo la benchi. Shule kubwa yenye jina huita vijana kutoka kila upande, na mtoto wako aliyekuwa nyota wa Sekondari Msingi anakuta wenzake kumi wa nafasi yake. Huenda akakaa mpaka Gredi ya 12 bila kuanza mechi. Shule ya kutwa ya kawaida inayofika kaunti, ambako anacheza kila Jumamosi, inaweza kumfaa zaidi kuliko jezi ya shule maarufu. Muulize kocha bila kuficha: nafasi ya mwanangu inachezwa na nani sasa, na huyo yuko gredi gani?

Mkienda kuiangalia shule, msiende asubuhi mkaonyeshwe ofisi na vikombe. Nendeni saa kumi jioni siku ya kawaida ya wiki, mkae kando ya uwanja. Tazameni kama mwalimu yupo au vijana wanajichezea wenyewe, kama kuna maji ya kunywa, kama aliyeumia anatolewa au anapigiwa kelele aendelee. Subirini mpaka saa moja, muone kama wachezaji wanaingia kwenye masomo ya jioni pamoja na wengine au wanaachwa walale. Na kabla ya kutoka langoni, mtafuteni mwanafunzi wa Gredi ya 12 aliyewahi kuumia, mumuulize kama bado yuko kwenye karo ile ile aliyoahidiwa.