Ushirika na Siasa za Vyama: Mambo ya Kuzingatia Uchaguzi Unapokaribia



Neno "chama" katika lugha yetu hubeba mizigo miwili. Mkulima wa miwa wa Ruhembe akimwambia jirani yake kwamba anakwenda chamani, jirani hawezi kujua kama anakwenda kuuliza malipo ya miwa au anakwenda kwenye mkutano wa tawi la chama chake cha siasa. Siku za kawaida utata huo haudhuru. Lakini uchaguzi unapokaribia wapo watu wanaopenda utata huo uendelee, maana vyama viwili vikichanganywa, mali ya kimoja huweza kutumiwa kwa haja za kingine.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi siasa za vyama zinavyoingia katika chama cha msingi cha ushirika, na mambo ambayo katibu hana budi kuyalinda. Mfano wetu ni Wilaya ya Kilosa, ambayo ina halmashauri moja na majimbo mawili ya ubunge, yaani Kilosa na Mikumi.

1. TULIKOTOKA

Wanachama wenye umri mkubwa watakumbuka kwamba si siku zote vyombo hivi viwili vilitengana. Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa ya 1975 ilikifanya kijiji kilichoandikishwa kihesabiwe kuwa chama cha ushirika cha shughuli nyingi. Mwezi Mei 1976 Serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika, na kazi zao zikapewa mamlaka za mazao. Wanachama hawakuulizwa. Mali iliyokusanywa kwa makato ya mazao yao kwa miaka mingi iliondoka mikononi mwao kwa uamuzi uliofanyika mbali na mikutano yao mikuu.

Sheria ya 1982 iliwezesha vyama vikuu kurudi. Hata hivyo ushirika uliendelea kuwa chini ya kivuli cha siasa, kwa kuwa Washirika ilikuwa mojawapo ya jumuiya tano za CCM, pamoja na JUWATA, UWT, Vijana na Wazazi. Ilipofika 1991 sheria mpya ilirudisha ushirika katika msingi wa hiari na mamlaka ya wanachama wenyewe. Mwaka uliofuata, 1992, mfumo wa vyama vingi vya siasa ukarudishwa nchini. Mfuatano huo ulikuwa wa heri. Kama ushirika ungalibaki jumuiya ya chama kimoja, mkulima aliyejiunga na chama kingine angalikuwa mgeni katika ghala alilochangia kulijenga.

Leo vyama vyetu vinaongozwa na Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya 2013, chini ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Misingi ya ushirika iliyothibitishwa na Muungano wa Kimataifa wa Vyama vya Ushirika huko Manchester mwaka 1995 inasema mambo mawili yanayotuhusu hapa. La kwanza, uanachama ni wa hiari na haubagui mtu kwa sababu ya siasa yake. La pili, chama cha ushirika ni chombo huru kinachotawaliwa na wanachama wake. Mambo hayo mawili hutegemeana: chombo kilichopoteza uhuru wake hakichelewi kuanza kubagua.

2. JINSI MGOMBEA ANAVYOPATIKANA

Ili kuelewa kwa nini wanasiasa huitafuta ofisi ya chama cha msingi, yafaa kwanza kujua mgombea anapatikanaje.

Katika uchaguzi wa chama kimoja, kuanzia 1965, mkutano mkuu wa chama wa wilaya ulipendekeza majina, na vikao vya taifa vikateua wagombea wawili. Mmoja alipewa alama ya jembe na mwingine alama ya nyumba, nao walisimama kwenye jukwaa moja mbele ya wananchi wale wale. Katika hali hiyo, ghala la ushirika likitumika kwa mkutano halikumpendelea jembe wala nyumba. Hali ya sasa ni tofauti kabisa. Kila chama kina mkutano wake na siku yake, na anayepewa ghala peke yake amependelewa.

Kura za maoni ndani ya vyama nazo zimebadilika mara kwa mara. Mwaka 2015 wanachama wa CCM walipiga kura hizo katika matawi yao. Mwaka 2020 kazi hiyo ilifanywa na wajumbe wa mkutano mkuu wa jimbo, na ndipo msemo wa "wajumbe si watu" ulipoenea nchi nzima, ukitoka vinywani mwa walioahidiwa kura wasizipate. Mwaka 2025 idadi ya wajumbe iliongezwa. Neno la mwisho, katika vyama vyote vikubwa, husemwa na vikao vya juu.

Wajumbe hao wanatoka wapi? Wengi ni viongozi wa mashina, matawi na kata, waliochaguliwa katika uchaguzi wa ndani ya chama chao. CCM ilifanya uchaguzi huo 2017 na 2022, na kwa mzunguko huo mwingine huangukia 2027. Uchaguzi wa vijiji na vitongoji ulifanyika 2014, 2019 na 2024, na uchaguzi mkuu ukafuata 2015, 2020 na 2025. Mzunguko huo usipobadilika, mtu anayetaka ubunge wa 2030 hana budi kuanza kutafuta marafiki kabla ya 2027. Kwa hiyo katibu asidhani kwamba msimu wa siasa ni siku za kampeni tu. Msimu huanza mapema, tena kwa sauti ya chini.

3. KWA NINI WAJE KWETU

Kijijini watu wenye nafasi ni wachache, na mara nyingi ni wale wale. Mjumbe wa bodi ya chama cha msingi huweza kuwa pia mwenyekiti wa tawi au balozi wa shina. Katibu anawajua wakulima wote kwa majina, vitongoji na mavuno yao. Ofisini mwake mna rejesta ya wanachama, muhuri na wakati mwingine fedha za malipo. Kwa mtu anayetafuta kura mia mbili tatu, hakuna nyumba kijijini yenye thamani kama hiyo.

Juu ya zawadi za wagombea, nchi yetu imepita njia ndefu. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi iliruhusu kile kilichoitwa takrima. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilivitangaza vifungu hivyo kuwa vinakwenda kinyume cha Katiba, na mwaka 2010 ikatungwa Sheria ya Gharama za Uchaguzi, ambayo inagusa pia kura za maoni ndani ya vyama. Takrima kutoka mfukoni mwa mgombea ilipozibwa mlango, ilianza kutafuta mifuko mingine. Katika ukaguzi nimekuta hati za malipo zilizoandikwa "mapokezi ya wageni" pasipo jina la mgeni hata mmoja.

Tuchukue mfano wa kubuni. Chama kina wanachama 200 na hukata ushuru wa shilingi 1,000 kwa kila tani ya miwa. Bodi inatoa shilingi 2,000,000 kwa ajili ya mapokezi ya mgombea fulani. Fedha hizo ni ushuru wa tani 2,000. Ikiwa kila mwanachama hupeleka tani 50, basi ushuru wa wanachama 40 kwa msimu mzima umekwisha kwa alasiri moja. Tena, kama wanachama 80 wanamuunga mkono mgombea mwingine, kila mmoja wao amechangishwa shilingi 10,000 kumsaidia mtu asiyemtaka. Huo si ukarimu. Ni kuchukua mali ya mtu bila idhini yake.

4. ZAMU YA MIWA NA MWEZI OKTOBA

Jambo linaloumiza zaidi katika kata za Ruhembe na Kidodi, hata hivyo, si fedha taslimu. Ni zamu ya kukata miwa.

Kampuni ya Sukari ya Kilombero ina viwanda pande zote mbili, Msolwa upande wa Kilombero na Ruembe upande wa Kilosa, na Mto Ruaha Mkuu unapita katikati. Msimu wa kusaga huanza masika yanapokwisha, na kiwanda husimama mvua kubwa zinaporudi. Uchaguzi mkuu umefanyika tarehe 25 Oktoba 2015, 28 Oktoba 2020 na 29 Oktoba 2025. Hivyo kampeni huwaka wakati ule ule mashamba yanapochomwa na malori yanapopishana barabarani. Miwa ikishachomwa haingoji mkutano wa hadhara uishe, kwani kila siku inayopita utamu hupungua, na malipo hufuata kiasi cha sukari kilichomo. Na shamba lisilofikiwa hadi kiwanda kifungwe ni hasara ya mwaka mzima.

Ndiyo maana zamu ni silaha. Kiongozi akitaka kumwadhibu mwanachama kwa siasa yake, hana haja ya kumfukuza. Inatosha kulisogeza jina lake mbele wiki tatu na kusema kwamba lori limeharibika. Hakuna hati itakayoonyesha dhuluma hiyo, isipokuwa orodha ya zamu ilitangazwa tangu mwanzo na kila badiliko likaandikwa sababu yake.

Jimbo la Mikumi limetupa funzo. Mwaka 2015 lilimchagua Joseph Haule wa CHADEMA, mwanamuziki ajulikanaye kama Profesa Jay, na mwaka 2020 likamchagua Dennis Londo wa CCM. Katika jimbo jirani la Kilosa, wilaya hiyo hiyo, CCM ilishinda mara zote mbili, kwa Mbaraka Bawazir na kisha Palamagamba Kabudi. Mwaka 2025 CHADEMA haikushiriki uchaguzi mkuu. Katika miaka hiyo yote mizani ya kiwanda ilikuwa ile ile, na waliopanga foleni mbele yake walikuwa majirani wale wale. Chama cha msingi kinachojifunga kwa mbunge hujifunga kwa mtu wa miaka mitano, ilhali bua la miwa likishakatwa huchipua tena na kumngoja mkulima yule yule.

5. YASIYOKATAZWA

Ifahamike kwamba hakuna anayemkataza mwanaushirika kuwa na siasa. Anayo haki ya kujiunga na chama akipendacho, kugombea, na kumpigia debe amtakaye, kwa muda wake na kwa gharama yake.

Wala chama cha ushirika hakilazimiki kuwa bubu. Mkutano mkuu unaweza kupitisha hoja za wakulima, kama vile barabara za kufikia mashamba, mifereji, bei za pembejeo, na matumizi ya ardhi ya mashamba makubwa ya mkonge upande wa Kimamba na Rudewa. Hoja hizo ziandikwe, zipelekwe kwa wagombea wote kwa barua ya namna moja, na majibu yabandikwe ubaoni yote pamoja.

Katika suala la ardhi uangalifu uzidi. Desemba 2000 watu zaidi ya 30 waliuawa Rudewa Mbuyuni katika mgogoro wa wakulima na wafugaji. Mgombea akitoa maneno ya kuchochea na kupata makofi, yeye huondoka na gari lake jioni, bali wanachama hubaki wakichota maji katika mto mmoja. Chama kisikubali maneno hayo yasemwe chini ya bango lake.

6. MAMBO YA KUFANYA

Kwa muhtasari, Ndugu Katibu azingatie haya:

(a) Rejesta ya wanachama isitolewe wala kunakiliwa kwa ajili ya mgombea yeyote. Majina na namba za simu za wanachama zilikusanywa kwa kazi ya chama tu.

(b) Ajenda ya mkutano ifuatwe. Siasa hupenda kuingia kupitia kifungu cha "Mengineyo". Mwenyekiti aulize kabla ni mambo gani yatakayosemwa hapo, na yasiyo ya ushirika ayakatae kwa adabu.

(c) Malipo yoyote yasiyokuwamo katika makisio yaliyopitishwa na mkutano mkuu yasifanywe. Hati ya malipo ionyeshe nani amelipwa, kwa kazi gani, na kwa idhini ya kikao kipi.

(d) Lori, ghala, kipaza sauti na muhuri visiazimwe kwa siasa. Ikiwa chama hukodisha ghala kwa watu wote, basi bei iwe moja, malipo yatangulie, na stakabadhi ikatwe.

(e) Orodha ya zamu za kuvuna ibandikwe ubaoni kabla ya msimu kuanza, na kila badiliko liandikwe tarehe, sababu na sahihi.

(f) Kiongozi wa chama cha msingi anayetaka kugombea nafasi ya siasa atoe taarifa kwa maandishi. Bodi isome masharti ya sifa za uongozi katika Sheria, Kanuni na masharti ya chama, na makabidhiano ya fedha na funguo yafanyike mbele ya mashahidi kabla kampeni haijaanza.

(g) Bendera, picha na mavazi ya chama chochote cha siasa visiwe ofisini, hata kama wajumbe wote wa bodi ni wa chama hicho.

Shauri langu ni kwamba mambo haya saba yasomwe katika mkutano mkuu ujao, yajadiliwe, na yaandikwe katika muhtasari kama azimio la wanachama wenyewe. Katibu akiwa na azimio mkononi hatahitaji kugombana na mtu mkubwa atakayekuja kuomba lori. Atamfungulia daftari la mihtasari, amwonyeshe ukurasa, na kumwambia kwa heshima kwamba wenye lori wamekwisha kuamua.

Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika