Lugha ya Taa: Kutambua Hitilafu za Gari la Haibridi Lililozeeka katika Mazingira ya Turkana

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Katika gari la kisasa, mawingu hayo ni taa za dashibodi. Kila taa ni ishara yenye umbo, rangi na maana, na kama ilivyo kwa ishara yoyote, maana hiyo hupotoshwa na asiyejua kuisoma. Makala haya yanafafanua jinsi ishara hizo zinavyosomwa katika gari la haibridi lililotumika kwa miaka mingi, kwa kuzingatia mazingira ya Lodwar, Kakuma na Lokitaung.

Lokitaung, mji unaokumbukwa kwa kifungo cha Jomo Kenyatta na wenzake katika miaka ya 1950, umo kaskazini mwa Turkana, mbali na barabara kuu ya Lodwar, Kakuma na Lokichoggio. Jua ni kali, vumbi ni jingi na gereji ni chache. Dereva anayekosea kusoma taa huko hupoteza zaidi ya fedha: anaweza kukwama na abiria wake jangwani bila maji wala kivuli.

Haibridi ni gari linaloendeshwa na injini ya petroli pamoja na mota ya umeme. Toyota Prius, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1997, ndiyo iliyoeneza aina hii duniani. Gari hili lina betri mbili: kubwa, inayolisha mota, na ndogo ya volti 12, inayoamsha kompyuta na taa. Kutotofautisha mbili hizi ndicho chanzo cha makosa mengi.

Hatua ya kwanza ni kusoma rangi. Nyekundu huamuru: simama mahali salama, zima gari. Manjano hutahadharisha: hitilafu ipo, chunguza mapema. Kijani na buluu kwa kawaida hueleza tu kuwa kifaa fulani kinafanya kazi. Pembetatu nyekundu yenye alama ya mshangao katika Prius haitaji ugonjwa. Humtaka dereva atazame ishara nyingine zinazoandamana nayo.

Hatua ya pili ni kuanza na sababu nyepesi. Taa nyingi zikiwaka kwa pamoja, betri ndogo ndiyo mshukiwa wa kwanza. Katika gari la kawaida, betri iliyochoka hujitambulisha kwa sauti nzito ya stata. Katika haibridi kama Prius, sauti hiyo haipo, kwani injini huamshwa kwa umeme wa betri kubwa. Kwa hiyo betri ndogo hufa kimya. Ipimwe gari likiwa limepumzika: betri nzima huonyesha takriban volti 12.6, ikishuka chini ya 12, imeishiwa chaji au imechoka.

Hatua ya tatu ni upoaji. Betri kubwa ya Prius hupozwa na feni inayovuta hewa ya ndani ya gari kupitia tundu lililo kando ya kiti cha nyuma. Vumbi likiziba njia hiyo, au mzigo ukifunika tundu, betri huchemka na kuzeeka upesi. Aidha, dereva anayezima kiyoyozi katika joto la Lodwar ili kuokoa petroli huilisha betri hewa ya moto. Vilevile, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa mota hupozwa kwa maji yanayosukumwa na pampu yake. Katika Prius ya kizazi cha pili, gari likiwa limewashwa, maji hayo huonekana yakichezacheza ndani ya chombo chake. Yakitulia tuli, pampu imesimama.

Hatua ya nne ni kusoma misimbo kwa kompyuta ya fundi. Msimbo P0A80, kwa mfano, huashiria kuchakaa kwa betri kubwa. Hata hivyo, msimbo ni shahidi, si hakimu. Betri ya Prius ya kizazi cha pili ina moduli 28 zinazopimwa katika jozi 14, kila jozi ikiwa na volti 14.4 na zote pamoja 201.6. Fundi hulinganisha jozi hizo gari likivuta mzigo. Inayoanguka mbali na wenzake ndiyo mbovu. Kubadilisha moduli moja huponya kwa muda tu, kwa kuwa zilizobaki zina umri uleule.

Ieleweke kwamba kufuta msimbo si kutengeneza. Wapo wauzaji wanaofuta misimbo ili taa zizimike, lakini hitilafu hurejea baada ya safari kadhaa. Fauka ya hayo, nyaya za rangi ya chungwa hubeba umeme unaoua. Asiye na mafunzo asiziguse; fundi mwenyewe huvaa glavu maalumu, huchomoa plagi ya usalama na kusubiri angalau dakika 10.

Lugha nayo ina nafasi yake. Magari mengi yaliyotoka Japani yana skrini za Kijapani, na dereva humwambia fundi tu kuwa “taa imewaka”. Maelezo kamili hutaja rangi, umbo, wakati na hali: je, gari lilikuwa likipanda mlima, limebeba mzigo, au limeegeshwa juani? Kwa dereva aliye Lokitaung na fundi aliye Lodwar, wanaounganishwa na simu pekee, usahihi huo wa maneno ndicho kipimo cha kwanza. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa usiotajwa vizuri hauzibiki.