Bangi: kwa nini umri wa kuanza ni jambo kubwa

Ukiwauliza vijana wa kijiweni kuhusu madhara ya bangi, jibu la kwanza huwa lile lile: kuna mzee fulani anavuta tangu ujana wake, na shamba lake ndilo linalopendeza kuliko yote kijijini. Mara nyingi mzee huyo yupo kweli, na watafiti hawana ugomvi naye. Wao wanauliza swali jingine: ukiwafuatilia maelfu ya vijana kwa miaka mingi, wanaovuta wanapatwa na nini ambacho wenzao hawakipati?

Sweden ni moja ya nchi za kwanza kulifuatilia swali hilo. Vijana zaidi ya 45,000 walioandikishwa jeshini mwaka 1969 na 1970 waliulizwa kuhusu matumizi yao ya dawa za kulevya, kisha kumbukumbu za hospitali zikaangaliwa kwa miaka 15. Matokeo yalitoka mwaka 1987. Waliokuwa wamevuta bangi zaidi ya mara 50 waliugua skizofrenia mara sita zaidi ya wasiowahi kuvuta. Skizofrenia ni ule ugonjwa ambao mtu husikia sauti zisizosikika na wengine, huamini anafuatwa au anafanyiwa njama, na taratibu hujitenga na watu.

Hapa inabidi tuhesabu vizuri, maana namba hii hutumiwa vibaya na pande zote mbili. Skizofrenia huwapata watu wachache, pungufu ya mmoja kati ya 100. Hata ukizidisha mara sita, wavutaji walio wengi hawataugua, na ndiyo sababu mzee wa kijiweni yuko salama. Shida ni kwamba hakuna kipimo cha kumwonyesha kijana kama yeye yumo kwa wengi au kwa wachache. Dalili moja ya kuangalia ni ukoo: kama baba, mama, kaka au dada amewahi kuugua akili, hatari ni kubwa zaidi.

Wapo waliopinga wakasema huenda ni ugonjwa unaomsukuma mtu kwenye bangi, wala si bangi inayoleta ugonjwa. Hoja hiyo ina uzito, kwani watu wenye msongo hutafuta cha kuwatuliza. Lakini watafiti walipozingatia pia pombe, hali ya nyumbani na matatizo ya akili ya awali, tofauti ilipungua, haikuisha. Mwaka 2019 utafiti mwingine uliofanyika katika maeneo 11 ya Ulaya na Brazil ulionyesha kwamba wanaovuta kila siku wana uwezekano mara tatu zaidi wa kupata ugonjwa wa kuchanganyikiwa akili. Kwa wanaovuta kila siku bangi kali, ilikuwa karibu mara tano.

Ukali huo unatokana na kemikali iitwayo THC, ndiyo inayolewesha. Katika utafiti huo bangi ilihesabiwa kuwa kali pale THC ilipofika asilimia 10 au zaidi. Skanka, ambayo siku hizi inakamatwa Tanzania mara kwa mara, ni ya kundi hilo. Kwa hiyo kijana anayevuta skanka leo hatumii kitu kile kile alichovuta babu yake, hata kama jina linabaki bangi.

Sasa umri. Ubongo wa binadamu huendelea kujijenga hadi miaka 25 hivi, na sehemu inayochelewa kukomaa ni ile ya kupima mambo na kujizuia. THC inaingilia vipokezi vinavyosaidia ujenzi huo. Kule Dunedin, New Zealand, watoto 1,037 waliozaliwa mwaka 1972 na 1973 walifuatiliwa hadi walipofika miaka 38. Walioanza bangi wakiwa vijana wadogo na kuendelea kwa miaka mingi walipoteza hadi alama 8 katika kipimo cha akili. Walioanza wakiwa watu wazima hawakuporomoka hivyo. Baadaye utafiti wa mapacha nchini Marekani haukuona tofauti ya maana kati ya pacha anayevuta na asiyevuta, kwa hiyo mjadala huo bado haujafungwa. Kwenye uraibu wataalamu wanakubaliana zaidi: kwa jumla hunasa takriban mtu 1 kati ya 10 wanaojaribu, lakini wakianza katika umri wa balehe ni 1 kati ya 6. Aliyenasa akiacha ghafla hukosa usingizi na hamu ya kula, na huwa na hasira za haraka kwa wiki moja au mbili.

Madhara mengine hayasubiri miaka. Dereva aliyetoka kuvuta hukadiria vibaya umbali na muda, na uwezekano wake wa kupata ajali unakaribia kuwa maradufu. Abiria wa bodaboda hana namna ya kulijua hilo kabla ya kupanda. Moshi wenyewe huleta kikohozi cha muda mrefu chenye makohozi. Mama mjamzito anayevuta ana hatari zaidi ya kujifungua mtoto mwenye uzito mdogo.

Halafu ipo sheria. Tanzania kulima, kubeba, kuuza na kuvuta bangi vyote ni kosa, na kwa makosa makubwa kifungo kinaweza kuwa cha maisha. Familia ikifika hapo, ng'ombe wanauzwa na watoto wanaacha shule, hata kama ndani ya nyumba hakuna aliyewahi kuvuta.

Mzazi akiona kijana anaongea peke yake, halali, anawashuku ndugu zake au ameacha kuoga, asimfunge kamba wala asizungushe miezi mingi akitafuta nani kamroga. Ampeleke zahanati au kituo cha afya, aombe rufaa ya hospitali ya wilaya, na aseme wazi kwamba kijana anavuta bangi na ameanza lini. Daktari anahitaji taarifa hiyo ili atibu. Kadiri matibabu yanavyoanza mapema ndivyo uwezekano wa kupona unavyokuwa mkubwa, na dawa za kutuliza dalili zinapaswa kuendelea hata sauti zikishanyamaza, mpaka daktari mwenyewe aseme zipunguzwe.