Hedhi ya binti mwanariadha ikikatika, mzazi tazama sahani yake

MSIMU wa Umitashumta na Umisseta unapokaribia, si ajabu kukuta wasichana wa shule wakikimbia kandokando ya barabara alfajiri, iwe Segera au Korogwe, kabla mabasi ya Tanga, Moshi na Arusha hayajaanza kupishana. Mara nyingi binti wa aina hii ametoka nyumbani bila kutia kitu tumboni. Akimaliza mazoezi anaingia darasani, mchana anakula makande ya shule, jioni anachota maji. Chakula cha kushiba ni cha usiku.

Nguvu anazotumia zikizidi chakula anachokula, mwili huanza kubana matumizi, na hedhi ni miongoni mwa vitu vinavyokatwa mapema. Hapo homoni ya estrojeni hushuka, nayo ndiyo inayolinda mifupa. Na huu ndio umri wa kuijenga: kufikia miaka 18 msichana huwa ameshajenga karibu asilimia 90 ya mifupa yake.

Majirani zetu Kenya wamelipima jambo hili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, ukiongozwa na Esther Muia, ulilinganisha wasichana 61 wa mbio za kati na ndefu na wenzao 49 wasio wanariadha. Kasoro za hedhi zilionekana kwa asilimia 32.7 ya wakimbiaji, dhidi ya 18.3 ya wenzao. Huko Marekani, Mary Cain, aliyekimbia mashindano ya dunia ya 2013 akiwa na miaka 17, alieleza mwaka 2019 kwamba alishinikizwa kupunguza uzito, akakosa hedhi kwa miaka mitatu na kuvunjika mifupa mitano.

Nyumbani kwetu kuna ugumu mwingine. Binti akikosa hedhi, neno la kwanza ni mimba. Anahojiwa, anatishwa, na wengine hujifunza kuficha. Kipimo kifanyike, hilo halina ubishi, ila kituo cha afya na kwa faragha, si mbele ya mashangazi. Kikionyesha hana mimba, wazazi wengi humshukuru Mungu na kuishia hapo, wakati swali la pili ndiyo kwanza lilipaswa kuanza: huyu mtoto anakula nini?

Miaka miwili mitatu ya mwanzo hedhi hupotea njia kidogo, kwa hiyo kuchelewa mara moja si jambo la kutisha. Lakini ikikosekana miezi mitatu mfululizo, au binti akifikisha miaka 15 hajaiona kabisa, apelekwe kwa daktari na aelezwe kwamba ni mkimbiaji. Daktari asipoambiwa hilo, anaweza asilifikirie.

Dalili nyingine ni maumivu ya ugoko au ya mguu chini ya kifundo. Uchovu wa misuli huenea na hupungua baada ya siku chache. Ufa kwenye mfupa huuma sehemu moja unayoweza kuigusa kwa kidole, huzidi akikimbia, na baadaye humsumbua hata akiwa amelala. Kumchua na kumrudisha uwanjani ni kumuumiza. Picha ya eksirei siku za mwanzo inaweza isionyeshe kitu, hivyo maumivu yakiendelea arudi hospitali. Mara nyingi atahitaji kupumzika wiki sita hadi nane.

Wapo watakaosoma haya na kumfungia binti ndani. Hapana. Kukimbia na kuruka huimarisha mifupa, mradi mwili unalishwa, na mbio zimewafikisha mbali wasichana wetu: Magdalena Shauri alishika nafasi ya tatu Berlin Marathon mwaka 2023 kwa saa 2:18:41.

Kinachotakiwa ni kumwongezea chakula. Uji wenye karanga au kiporo cha viazi kabla ya mazoezi, kitu cha kubeba shuleni, na usiku dagaa wanaoliwa na mifupa yao. Kuna wafugaji Handeni, maziwa au mtindi hayakosi muuzaji. Machungwa ni mazuri, lakini peke yake hayajengi mfupa.

Mwalimu wa michezo naye aambiwe, hasa yule anayesifu wembamba. Mama na amuulize waziwazi: mtoto wangu anakimbia siku ngapi kwa wiki, na anapumzika lini?